Maganda ya matunda kwa wanakondoo: tenga parachichi, changanya mabua

Kila jioni vibanda vya juisi mjini Moshi hubaki na magunia ya maganda ya nanasi, embe na tikiti. Ni chakula kizuri cha wanakondoo wanaokua, ila kina kasoro yake. Katika kilo 100 za mabaki ya nanasi, takriban kilo 85 ni maji. Kinachobaki kina sukari nyingi na protini haba. Mwanakondoo akipewa maganda matupu, tumbo linajaa lakini mwili haukui. Sukari ikizidi, tumbo linachacha. Anaharisha, anagoma kula, na anaweza kufa ndani ya siku mbili.

Kabla ya lolote, tenga parachichi. Majani, maganda na kokwa zake zina sumu iitwayo pesini, inayoharibu misuli ya moyo wa kondoo na mbuzi. Huku mlimani parachichi ziko kila kona, kwa hiyo kagua kila gunia. Lililochanganyika lisiingie zizini, hata kama parachichi ni chache.

Mabaki yakilala huanza kunuka pombe, hivyo tengeneza saileji, yaani malisho yanayochachushwa bila hewa, siku hiyohiyo. Katakata maganda vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kila kilo 100 changanya na kilo 25 za mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa. Chukua konzi moja, ikamue kwa nguvu. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza mabua. Donge likishikamana, kisha likaachia taratibu unapofungua kiganja, limefaa. Shindilia kwenye pipa tabaka kwa tabaka, funika kwa nailoni nzito, funga kabisa kwa siku 21 hadi 30. Ukungu ukionekana, ujue hewa ilipenya. Tupa sehemu hiyo pamoja na inayoizunguka.

Mwanakondoo wa kilo 20 aliyeachishwa kunyonya anatosheka kwa siku na saileji gramu 800, mashudu ya alizeti gramu 150, majani makavu ya lusina (mti wa malisho) gramu 200 na konzi chache za hei, yaani nyasi zilizokaushwa. Usimpe madini ya nguruwe wala ya kuku, maana shaba iliyomo humdhuru kondoo.

Anza na gramu 100 za saileji, ukiongeza kidogokidogo kwa siku 10 hadi 14, na hei itangulie asubuhi. Kila siku tazama kinyesi: kikilainika badala ya kuwa punje, punguza saileji nusu na ongeza hei hadi punje zirudi.