Jaji Mkuu Akipigwa Msasa: Maoni Yako Yafike Kabla ya Kura

Jina la mteule wa Jaji Mkuu likishafikishwa Bungeni, wananchi wengi humtumia mbunge wao ujumbe mfupi: mpitishe, au mkatae. Ujumbe huo hauingii katika kumbukumbu za kamati ya Bunge inayomhoji mteule, haumlazimu mteule kujibu chochote, na ripoti itakayosomwa Bungeni haitautaja. Sheria ya Kenya imempa mwananchi njia yenye uzito zaidi, ila ina masharti yake na muda wake ni mfupi mno.

Kwanza tujue kura hii inawahusu majaji gani. Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010 kinataka idhini ya Bunge la Kitaifa kwa majaji wawili tu, Jaji Mkuu na Naibu wake. Wengine wote, kuanzia Mahakama ya Juu hadi Mahakama Kuu, huteuliwa na Rais kwa mujibu wa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama (JSC), bila wabunge kupiga kura. Seneti haihusiki kabisa. Majaji 41 walipopendekezwa na JSC mwaka 2019 na uteuzi wao ukakwama, 34 wakiteuliwa Juni 2021, sita wengine Septemba 2022 na mmoja akifariki kabla ya kuteuliwa, mbunge wako hakuwa na kura ya kupiga juu yao hata ungemwandikia kila siku. Majirani wana taratibu zao: Uganda hata jaji wa Mahakama Kuu lazima aidhinishwe na Bunge, ilhali Tanzania Rais humteua Jaji Mkuu bila kura ya Bunge.

Jambo la pili ndilo linalowaponyoka wengi. Bunge huletewa jina moja tu. Wabunge hukubali au hukataa. Hawawezi kulitoa hilo na kuweka la mtu mwingine aliyehojiwa. Kwa hiyo anayeamini kuwa mwombaji fulani anafaa kuliko wenzake, nafasi yake iko JSC. Tume hutangaza nafasi, huchapisha majina ya walioomba na ya walioteuliwa kuhojiwa, hualika umma kuwasilisha taarifa kwa maandishi, kisha huwahoji hadharani. Mahojiano hayo huwa na maswali mazito. Mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa juu ya kipini chake cha sikioni. Mwaka 2016 David Maraga, muumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, aliulizwa kama angeweza kusikiliza kesi siku ya Jumamosi, ambayo ni Sabato yake. Mwaka 2021 waombaji kumi waliorodheshwa kuhojiwa, na hatimaye likatoka jina la Martha Koome.

Baada ya hapo mambo huenda kwa kasi. JSC ilimpendekeza Koome tarehe 27 Aprili 2021, Bunge likamwidhinisha tarehe 19 Mei, na tarehe 21 Mei akaapishwa. Sheria ya mwaka 2011 inayoongoza uidhinishaji wa uteuzi Bungeni sasa inalipa Bunge siku 28 kukamilisha kazi hiyo. Zikiisha bila Bunge kukubali wala kukataa, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa. Ndiyo maana ombi la kawaida la umma kwa Bunge, ingawa ni haki yako chini ya Kifungu cha 119, halifai hapa: utaratibu wake huchukua muda mrefu, na siku 28 zinaweza kupita kabla halijashughulikiwa.

Chombo kinachofaa ni hati ya kiapo. Umma hutangaziwa angalau siku saba kabla ya mteule kupigwa msasa, na katika muda huo mtu yeyote anaweza kumpelekea Karani wa Bunge la Kitaifa maelezo ya maandishi, yaliyoapiwa, yenye ushahidi wa kupinga ufaafu wa mteule. Hati iwe na jina lako kamili, namba ya kitambulisho na anwani. Andika aya zenye namba, kila aya jambo moja: lini, wapi, nani alifanya nini, na wewe ulijuaje. Ulilolisikia kwa mwingine litenganishe na uliloliona, na umtaje aliyekuambia. Nakala za nyaraka zipewe alama, na kamishna wa viapo azigonge muhuri pamoja na hati yenyewe. Kuapa uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo usiweke sahihi kwenye hati uliyoandikiwa na mtu mwingine kabla ya kuisoma yote.

Hati nyingi huanguka kwa sababu zinazoepukika. Zipo zinazofika baada ya saa iliyotangazwa. Zipo barua kali zisizo na kiapo. Sababu kubwa zaidi ni mlalamishi kupinga hukumu: alishindwa kesi ya shamba mbele ya jaji huyo, naye anaitaka kamati iseme jaji alikosea. Kamati haiwezi kugeuka mahakama ya rufaa, na haipaswi. Lakini ukionyesha kwamba jaji alisikiliza kesi yenye maslahi yake binafsi bila kujiondoa, hilo ni suala la uadilifu, na kamati inawajibika kulichunguza.

Sheria inaitaka kamati itazame elimu ya mteule, mafunzo na uzoefu wake wa kazi, uadilifu na historia yake. Inaitaka pia ipime utaratibu uliotumika kumpata, na masharti ya Katiba kuhusu cheo hicho. Kwa Jaji Mkuu yamo angalau miaka 15 ya uzoefu wa sheria. Suala la utaratibu lisidharauliwe. Januari 2011 Rais Kibaki alimteua Jaji Alnashir Visram. Sifa za jaji huyo hazikuwa ndizo zilizobishaniwa. Ubishi ulikuwa juu ya mashauriano na Waziri Mkuu Raila Odinga na nafasi ya JSC. Mahakama Kuu ikasema Katiba imekiukwa, Spika Kenneth Marende naye akatoa uamuzi kama huo, na Rais akaliondoa jina.

Tafiti za maoni ya wananchi nazo hutajwa sana nyakati hizi. Utafiti wa watu 1,200 waliochaguliwa vizuri una kiwango cha kukosea cha karibu asilimia 3 kwa nchi nzima. Ukiwagawa watu hao kwa maeneobunge 290, kila eneo linapata wastani wa watu wanne. Mbunge akidai utafiti wa aina hiyo unaonyesha msimamo wa watu wa eneo lake, dai hilo halina msingi. Tazama pia idadi ya waliojibu “sijui”, kwani mteule huwa hajulikani kwa wengi, na uone kama swali lilimtaja Rais aliyemteua: wapo wanaolijibu jina la Rais badala ya la jaji.

Ripoti ya kamati ikifika, Bunge huijadili na kupiga kura. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwapo, ni wabunge 50, na uamuzi hutokana na wingi wa waliopo na wanaopiga kura, hivyo kisheria kura 26 zaweza kumfanya mtu kuwa Jaji Mkuu. Kura ikiwa ya sauti, Spika husikiliza “ndiyo” na “la”, na hakuna orodha ya nani alisema nini. Ikiwa ya kuhesabu, majina huchapishwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Unayetaka kujua msimamo wa mbunge wako, mwombe mapema aseme katika mjadala, kwa sababu hotuba yake itabaki katika Hansadi hata kura ikipigwa kwa sauti.