Inveta kwenye karavani: ogopa pia upande wa betri

Anayefunga inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, kwenye karavani, au kwenye Land Cruiser ya kupeleka watalii mbugani, kwa kawaida huogopa upande wa soketi, maana ndiko kwenye volti 230. Ana haki ya kuogopa. Lakini upande wa pili, ule wa volti 12 ambao ukiushika kwa mikono mikavu hutahisi chochote, ndio unaoyeyusha nyaya.

Hesabu yake ni fupi. Gawa wati kwa volti, utapata ampea. Kifaa cha wati 1,000 nyumbani huvuta ampea 4 na ushee. Wati hizo hizo zikitoka kwenye betri ya volti 12, na inveta ikipoteza takriban asilimia 10 kwa joto, ni ampea 93. Betri ikishuka hadi volti 11, zinavuka 100. Mkondo mkubwa namna hiyo hausamehi waya mwembamba wala kiungo kilicholegea.

Chukua waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, ambao kwa macho unaonekana mnene wa kutosha, na inveta iliyo mita 3 kutoka kwenye betri. Kwenda na kurudi ni mita 6. Kwa ampea 100, volti moja nzima inapotelea njiani, na waya unatoa joto la wati 100 na zaidi ndani ya kabati la mbao. Inveta nayo inaona volti 11 wakati betri ina 12, inaanza kulia, kisha inajizima, na mwenye gari anakwenda kununua betri mpya asiyoihitaji. Isogeze inveta iwe mita 1 tu kutoka kwenye betri, weka waya wa milimita 35 za mraba, na upotevu unabaki volti 0.1. Kwa hiyo sogeza inveta karibu na betri, halafu uzirefushe nyaya za volti 230 mpaka soketi zilipo. Hizo hubeba ampea chache.

Kwa karavani ya kuvutwa, sababu hiyo hiyo inataka betri ikae ndani ya karavani yenyewe. Nyaya zinazopita kwenye plagi ya nyuma ya gari ni za taa na za kuchaji polepole, haziwezi kulisha inveta. Kwenye gari la safari, usiifunge kwenye betri ya kuwashia injini. Weka betri ya pili inayochajiwa na altaneta kupitia chaja yake au rilei (swichi ya umeme) ya kuitenga, la sivyo asubuhi kamera zimejaa chaji na gari haliwaki. Pima pia volti kabla ya kununua chochote: malori na baadhi ya Land Cruiser za dizeli ni volti 24, na inveta ya volti 12 ikiunganishwa hapo inakufa papo hapo.

Ukubwa uamuliwe na vifaa, si na bei. Kompyuta mpakato ni wati 65 hivi, na chaja za kamera na simu ni chini ya hapo. Kwa mahitaji hayo inveta ya wati 300 hadi 600 inatosha kabisa. Birika la wati 2,000 liache, chai ichemshwe kwa gesi. Friji ya nyumbani ina tabia yake: kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, hivyo inveta inayoitosha ikiwa inatembea inaweza kushindwa kuiwasha. Friji ya volti 12 haina haja ya inveta hata kidogo. Chagua inveta ya wimbi safi la sine (pure sine wave), yaani ambayo umeme wake hupanda na kushuka laini kama wa nyumbani. Zile za wimbi la ngazi ni nafuu, lakini mota huunguruma na kupata moto, na baadhi ya chaja hugoma au huungua.

Maandishi ya kwenye boksi yasikudanganye. Kama fyuzi za ndani za inveta zinaonekana, zihesabu: fyuzi 4 za ampea 30 ni ampea 120, ambazo kwa volti 12 ni wati 1,440. Inveta hiyo ikiwa imebandikwa wati 3,000, unajua cha kuamini. Na inveta ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari haivuki wati 150 hivi, kwa kuwa fyuzi ya tundu hilo huwa ya ampea 10 au 15.

Fyuzi kuu inakaa kwenye waya chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuulinda waya, wala si kuilinda inveta, ndiyo maana haifai kuwekwa mwisho wa waya: kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kikichubuka kwenye bodi kinapiga shoti hadi kiwake. Kwa inveta ya wati 1,000 na waya wa milimita 35, weka ampea 125 au 150. Betri ya lithiamu hutoa mkondo mkali mno ikipigwa shoti, nayo inastahili fyuzi ya aina ya Class T, inayoweza kukata mkondo mkubwa kama huo. Angalia pia kikomo cha ampea cha saketi yake ya ulinzi. Kikiwa 100, inveta ya wati 1,000 tayari iko ukingoni.

Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya kubania, visigongwe kwa nyundo. Risasi ya kulehemu peke yake haitoshi, kwani waya hukakamaa penye risasi na kukatika kwa mtikisiko, na barabara ya kwenda lango la Naabi la Serengeti haina huruma na kiungo cha aina yoyote. Inveta ifungwe pakavu penye hewa, mbali na mtungi wa gesi, na isiwe juu ya betri za maji, ambazo hutoa haidrojeni zikichajiwa. Unapounganisha mara ya kwanza utaona cheche. Ni kapasita (vihifadhi chaji) za ndani zinajaa. Gusisha waya kwanza kupitia balbu ya gari ya wati 21 kwa sekunde chache, kisha funga nati.

Upande wa soketi, kuna mitego mitatu. Umeme wa inveta na umeme wa nje wa kambini visikutane kamwe. Weka swichi ya kubadilishia inayokata nyaya zote mbili, laivu na nyutro, maana vikikutana inveta inalipuka. Pili, chaja ya betri ya karavani isilishwe na inveta, kwani betri itajichaji yenyewe kwa hasara hadi iishe. Mtego wa tatu ni kinga ya umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Inveta nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro na ardhi, na hapo kinga inaweza isikate umeme mtu akipigwa. Usiunganishe nyutro na ardhi kwa kubahatisha, kwani baadhi ya inveta huungua zikifanyiwa hivyo. Soma kitabu chake au muite fundi umeme mwenye leseni. Ganda la inveta liunganishwe na chesi kwa waya wake.

Ukimaliza, washa mzigo mkubwa utakaoutumia na upime volti kwenye betri, kisha kwenye inveta. Tofauti ikizidi 0.3, kuna kiungo kibovu. Baada ya dakika 10, kipande chenye moto kitakuonyesha ni kipi. Rudia kukaza nati baada ya safari ya kwanza ya vumbi. Usiku zima inveta kwa swichi yake: hata bila mzigo inaweza kula ampea 1, ambayo kwa saa 24 ni ampea-saa (Ah) 24, karibu nusu ya 50 unazopaswa kutumia kwenye betri ya asidi ya 100 Ah.