Ini lenye mafuta, na kwa nini kutupa kiini cha yai hakulisaidii

Ini lenye mafuta ni hali ya mafuta kujazana ndani ya seli za ini, kuanzia asilimia 5 ya seli hizo na kuendelea. Kwa miaka mingi mtu huenda asihisi chochote. Wengi huambiwa wakiwa wameenda kupigwa ultrasaundi kwa shida nyingine kabisa. Kwa baadhi yao ini hupata uvimbe wa ndani, kisha makovu, na makovu yakizidi ndiyo sirosisi.

Ukishapewa majibu hayo, ushauri wa mtaani huja haraka: kula ute, tupa kiini. Ni kweli ute wa yai moja una gramu 3 na nusu hivi za protini na karibu hauna mafuta, na gramu 5 za mafuta ya yai ziko kwenye kiini. Ila mafuta yaliyo kwenye ini kwa sehemu kubwa hayakutoka kwenye sahani yakiwa mafuta. Mwaka 2005 watafiti wa Minnesota, Marekani, walifuatilia asili yake kwa wagonjwa 9. Asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga uliozidi, na 15 tu yalitokana na mafuta ya chakula. Wagonjwa ni wachache, lakini picha hiyo inanitosha kusema kwamba soda na chai ya vijiko vinne vya sukari vinastahili kuogopwa kuliko kiini.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Ini halihifadhi tu mafuta, huyasafirisha pia: huyafungasha na protini na kuyatoa kwenye damu yapelekwe kwenye misuli na kwingineko. Ili kufungasha, linahitaji kirutubisho kiitwacho kolini. Kikikosekana, mafuta hubaki pale pale. Mtafiti Charles Best na wenzake huko Toronto, Kanada, waliligundua hili miaka ya 1930: mbwa waliotolewa kongosho na kudungwa insulini ili waishi walijaa mafuta kwenye ini, na walipopewa lesithini, ambayo ina kolini, hali ikatengemaa. Yai kubwa moja lina takriban miligramu 147 za kolini, karibu zote kwenye kiini. Mwanaume anahitaji kama 550 kwa siku, mwanamke 425. Kwa hiyo anayetupa kiini ili kuliokoa ini anatupa kile kile ambacho ini linakitumia kujisafisha.

Hilo halimaanishi ute ni mbaya. Ukipikwa ni protini safi, na inamfaa hata mgonjwa wa sirosisi, ambaye zamani alikatazwa protini na siku hizi hushauriwa gramu 1.2 hadi 1.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Ubichi ndio tatizo: ute mbichi una avidini, inayoshika vitamini ya biotini isifyonzwe, na moto huiharibu avidini hiyo.

Mwenye kolesteroli ya juu afuate idadi ya viini aliyopangiwa na daktari wake. Kwa ini lenyewe, kinachopunguza mafuta ni kupungua uzito: ukipungua asilimia 5 ya uzito wako, mafuta ya ini huanza kupungua, na ukipungua 7 hadi 10, hata ule uvimbe wa ndani hutulia.