Kufuli la landilodi si amri ya koti

Wiki hii pekee nimeisikia mara nne, ya nne nilikuwa na kikombe cha chai mkononi ikabidi nikiweke chini kwanza. "Lakini si ni haki yake kunifungia, ananidai kodi ya miezi miwili." Na anayesema hivyo si landilodi, ni mpangaji mwenyewe, amekaa mbele yangu na nguo za jana, anamtetea mtu aliyemfungia nje!

Hapana jamani. Deni ni deni na nyumba ni nyumba. Ukidaiwa kodi, landilodi ana njia zake, anaweza kukushtaki, au atume dalali mwenye leseni, na huyo dalali lazima aorodheshe vitu vyako kwa karatasi, akuachie nakala, upate siku za kulipa kabla hajauza hata sufuria. Karetaka si dalali. Fundi wa kuchomelea aliyeitwa usiku pia si dalali. Na kukutoa kabisa kwa nyumba ambayo bado unaishi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi halafu amri ya koti. Kung'oa mlango, kutoa mabati, kukata maji ndio uchoke uhame mwenyewe, hakuna sheria ya Kenya inayoruhusu hayo.

Kuna mama mmoja huko Eastlands, Nairobi, chumba kimoja cha shilingi 2,300, alirudi kutoka kibarua akapata kufuli jipya na dawa ya pumu ya mtoto iko ndani. Akaenda kwa polisi akaambiwa hayo ni mambo yenu na mwenye nyumba, akalala kwa jirani. Sasa hapo ndio huwa nakasirika, kwa sababu nyumba ya bei hiyo iko chini ya Rent Restriction Act, Cap 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za bei ya chini, na kifungu cha 29 kinasema landilodi au agenti wake akikutoa bila idhini ya tribunal, yaani baraza la kesi za kodi, au akikusumbua makusudi ndio uhame ama uongeze kodi, ametenda kosa la jinai. Jinai! Sheria iko, wa kuitekeleza ndio hawaisomi. Tukaprinti hicho kifungu, nikakipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akarudi nacho kaunta ya polisi na picha ya kufuli kwa simu, akaitisha namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika ripoti, na hakuondoka mpaka akaandikiwa. Kufuli lilitolewa siku hiyo hiyo. Kila mteja wangu namwambia hivyo: piga picha, beba kifungu, itisha OB. Usiende kulia tu.

Ya pili ninayoisikia, "kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10, ni sheria." Sheria gani? Cap 296 inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, na wewe unayesema hivyo unalipa 14,000. Hiyo 2,500 imekaa hapo miaka na miaka na kwa maoni yangu ni aibu, siku hizi Nairobi utapata nini kwa pesa hiyo. Lakini ukiwa juu yake bado notisi ya kuhama ni haki yako, ukilipa kwa mwezi ni mwezi mzima, si meseji ya Ijumaa eti Jumapili uwe umetoka.

"Sina mkataba, kwa hivyo sina haki." Hii hunichekesha, hasa kwa wenye maduka, kwa sababu chini ya Cap 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, kukosa mkataba wa maandishi ndiko kunakokuweka ndani ya ulinzi. Landilodi akitaka kukutoa au kupandisha kodi lazima akupe notisi ya fomu maalum, si chini ya miezi miwili, na ukiwahi Business Premises Rent Tribunal, baraza la kesi za kodi za biashara, kabla tarehe haijafika, hiyo notisi inasimama mpaka kesi iamuliwe. Watu wanakuja kwangu tarehe imepita wiki tatu. Nifanye nini sasa?

Dipoziti nayo si ya landilodi kula. Akikataa kuirudisha, Small Claims Court, koti ya madai madogo, inachukua madai mpaka shilingi milioni moja na wakili si lazima. Weka meseji zote za M-Pesa, na siku ya kuingia chukua video ya sinki, soketi, kuta na choo, dakika mbili tu, ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp ibaki na tarehe. Akisema "rangi imeharibika" mtaongea mkiangalia video.