Tiba mseto ya antibaiotiki ni nini?

Jikoni, mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja. Hospitalini, Watanzania wengi walilizoea neno hilo kupitia dawa mseto ya malaria. Kwa antibaiotiki, yaani dawa za kupambana na bakteria, maana haiko mbali: mgonjwa hupewa dawa mbili au zaidi kwa wakati mmoja, ili bakteria anayeiponyoka moja akutwe na nyingine.

Somo lenyewe lilipatikana kwenye kifua kikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 madaktari wa Uingereza waliijaribu streptomaisini peke yake. Miezi ya mwanzo wagonjwa walipata nafuu kubwa. Kisha wengi wakazidiwa tena, na makohozi yao yakaonyesha bakteria ambao dawa haiwagusi. Jaribio jingine, lililotoa matokeo mwaka 1950, liliongeza dawa ya pili iitwayo PAS, na usugu ukapungua sana.

Kwa nini? Ni hesabu ya kuzidisha. Shimo moja ndani ya pafu lenye TB linaweza kubeba bakteria milioni 100 au zaidi. Katika kila milioni moja hivi, mmoja huwa tayari ni sugu kwa isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, ingawa hajawahi kukutana nayo. Mgonjwa akipewa isoniazidi tupu, wale mia wanabaki na kuzaana mpaka pafu linakuwa lao. Usugu kwa rifampisini, dawa nyingine ya TB, ni adimu zaidi, mmoja katika milioni 100 hivi. Ili apatikane bakteria mmoja aliye sugu kwa zote mbili kwa bahati tu, zidisha: unapata mmoja katika trilioni 100. Hakuna pafu lenye bakteria wa TB wengi kiasi hicho.

Afrika Mashariki ina mchango hapa ambao hausemwi vya kutosha. Majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, yalionyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, dozi ya TB ya miezi 18 inaweza kushuka hadi sita. Wagonjwa waliojitolea wakati ule ndio waliotuachia dozi tunayoijua: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

TB ikishakuwa sugu kwa isoniazidi na rifampisini, daktari haongezi kidonge kimoja juu ya dozi iliyoshindwa, maana hicho kimoja kitabaki kupigana peke yake. Anapanga mseto mpya. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita.

Dawa nyingine husaidiana kwa njia tofauti. Asidi ya klavulaniki karibu haiui bakteria. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kuivunja amoksisilini. Penisilini hudhoofisha ukuta wa bakteria, jentamaisini ikapata pa kuingilia.

Lakini kurundika dawa si kufanya mseto. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya tetrasaiklini walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko waliopewa penisilini pekee. Penisilini huua bakteria anayekua na kujenga ukuta. Tetrasaiklini humsimamisha asikue. Moja iliifunga nyingine mikono.

Ndiyo maana huniuma kuona kidonge chenye ampisilini na kloksasilini kikiombwa dukani kwa kila kidonda na kila kikohozi. Zote mbili ni za ukoo wa penisilini na zote hushambulia ukuta ule ule, na Shirika la Afya Duniani limeuweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya isiyopendekezwa.