Ukelele wa Skrimo si Ukelele wa Metalikoo

Mwanafunzi wa sauti akinijia anataka kujifunza kupiga ukelele, kwanza namuuliza: wa muziki gani? Wengi hushangaa. Wamezoea kuona emo, skrimo na metalikoo, aina tatu za muziki mkali wa roki, vikitiwa kapu moja kwa sababu ya nguo nyeusi, wanja na nywele zilizofunika jicho. Kwangu mimi ninayefundisha waimbaji, tofauti iko kooni.

Emo ilichipuka Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980, ndani ya hadikoo, aina kali na ya kasi ya roki ya panki. Sikiliza bendi ya Rites of Spring, albamu yao ya 1985. Mwimbaji wao, Guy Picciotto, anaimba kama mtu anayejizuia asilie, na sauti inapompasukia katikati ya mstari haifichwi. Kasi na nguvu ni zilezile za hadikoo, ila maneno yamegeukia majuto na kupoteza.

Skrimo ilichukua ule mpasuko ikaufanya ndio wimbo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko San Diego, bendi kama Heroin na Antioch Arrow zilipiga nyimbo fupi mno, sauti ya mwimbaji ikiwa imezama katikati ya magitaa. Hapo nyuzi za sauti zenyewe zinagongana kwa nguvu, na pumzi inamwagika bila hesabu. Unasikia mtu anaishiwa, kwa kuwa kweli anaishiwa. Naupenda sana ukelele huu, lakini simruhusu mwanafunzi aufanye kila siku, maana unaumiza.

Metalikoo, mchanganyiko wa metali na hadikoo, ina nidhamu nyingine kabisa. Howard Jones alipokuwa mwimbaji wa bendi ya Killswitch Engage alikuwa anatoka kwenye ukelele na kuingia kwenye uimbaji laini ndani ya wimbo mmoja, na kesho yake anapanda jukwaani tena. Hilo haliwezekani kwa kukwaruza koo. Mngurumo unatengenezwa na mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti. Hiyo ndiyo inayotetemeka, huku tumbo na mbavu vikiibana pumzi itoke kidogo kidogo. Ukihisi muwasho au kikohozi, acha papo hapo, unywe maji, upumzike. Sauti kubwa unayoisikia kwenye rekodi mara nyingi ni kazi ya maikrofoni. Mwimbaji mwenyewe hatumii nguvu nyingi kama unavyodhani.

Kisha kuna brekidauni, sehemu nzito ya wimbo. Ngoma zinashuka hadi nusu ya mwendo, magitaa yaliyolegezwa nyuzi yanapiga noti moja ya chini iliyobanwa kwa kiganja, na ngoma ya mguu inafuata kila pigo la gitaa. Katikati kuna ukimya mfupi. Ukelele lazima utue pale pale, ukichelewa kidogo tu uzito wote umepotea. Mashabiki wanaujua wakati huo kabla haujafika, na duara linafunguka mbele ya jukwaa. Wanasukumana kwelikweli, lakini akianguka mtu, mikono ya walio karibu inamwinua mara moja.

Ndiyo maana yaliyotokea 2008 bado yananiuma. Mwezi Machi, vijana wa emo walivamiwa na kupigwa na umati mjini Querétaro, Mexico. Mwezi Mei, mashabiki wa bendi ya My Chemical Romance waliandamana London kulipinga gazeti la Daily Mail, lililokuwa likihusisha emo na kujiua. Vijana hawa walikuwa wamepata mahali ambapo mvulana anaweza kusema ameumia bila kuchekwa, na hapo hapo ndipo walipoandamwa.

Anayetaka kuzisikia tofauti hizi mwenyewe aanze na Saetia, bendi ya skrimo, kisha Killswitch Engage. Ayaache magitaa, afuate pumzi ya mwimbaji kila mstari unapokaribia mwisho. Kwa yule wa kwanza imeshakatika. Wa pili bado anayo ya kuimbia kiitikio.