Unga Mweupe na Unga wa Nafaka Nzima: Kinachopotea Kinuni

Ukiipasua punje ya ngano utakuta sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa huitwa pumba. Ndani yake kuna wanga mweupe, takriban asilimia 83 ya uzito wa punje. Upande mmoja wa chini kimejibana kiini, kile kinachochipua mbegu ikipandwa, chenye asilimia 2 hadi 3 tu. Unga mweupe ni ule wanga wa katikati. Pumba na kiini vimeondolewa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ngano ina lishe, humuuliza kwanza: ngano ipi?

Gramu 100 za unga wa ngano isiyokobolewa zina nyuzinyuzi takriban gramu 10. Unga mweupe hauna hata gramu 3. Madini ya chuma hupungua hadi kama theluthi moja, na magnesiamu hushuka zaidi ya hapo. Protini hupungua kidogo tu, kutoka gramu 13 hadi 10 hivi, na nguvu inayopatikana ni karibu ileile, kalori 340 hadi 360. Hapo ndipo penye hatari: mlaji anashiba, mwili unapata nguvu, na upungufu unajengeka bila yeye kuhisi njaa.

Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, dalili zilizofanana na za ugonjwa wa beriberi kwa binadamu. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa, walipona. Kilichowaokoa, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ni vitamini B1, ambayo hutupwa pamoja na wishwa. Mwaka 1929 Eijkman alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Nchi nyingi sasa zinataka wasagaji warudishe madini ya chuma na vitamini za kundi B kwenye unga mweupe. Ni hatua njema sana. Asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini hizo za kundi B, ambayo Marekani iliilazimisha mwaka 1998, hupunguza idadi ya watoto wanaozaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Lakini nyuzinyuzi kwa kawaida hazirudishwi.

Nafaka nzima nayo ina mahitaji yake. Pumba hubeba fitati, kemikali ya asili inayoshika chuma na zinki zisifyonzwe vizuri. Hili lisimtishe mtu. Kuloweka nafaka, kuichipuza au kuuacha unga uchachuke hupunguza fitati, na tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na mlo huongeza ufyonzaji wa chuma. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ni bora inywewe baadaye.

Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharage, dengu na choroko zinayo kwa wingi. Si lazima viliwe sahani moja. Vikiliwa ndani ya siku hiyohiyo vinatosha.

Nafaka hazilingani. Ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, nyingi kuliko nafaka zote zilizozoeleka. Shayiri na oti zina beta-glukani, nyuzinyuzi inayoyeyuka. Gramu 3 kwa siku husaidia kushusha lehemu mbaya kwenye damu. Mchele, mahindi, mtama na ulezi havina gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, jambo kubwa kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huumiza utumbo wake, unaompata takriban mtu 1 katika 100. Ukijishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa: ukishaiacha, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa ilhali unao.

Dukani, usiamini rangi. Mkate wa kahawia unaweza kuwa unga mweupe uliotiwa sukari guru au rangi, na maneno "nafaka mchanganyiko" hayasemi kama hizo nafaka zimekobolewa. Soma orodha ya viambato. Kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kwa hiyo unga wa ngano nzima unapaswa kutajwa kwanza. Ukinunua unga wenyewe, chukua wa kutosha wiki chache na uuweke mahali pa baridi, penye kivuli, kwa sababu mafuta ya kile kiini huchacha upesi. Ukinusa harufu kali au ukionja uchungu, usiupike.